Kichwa cha Kidevu

3 Machi

Mjukuu wangu fundi,

Hujambo wewe? Kifua kimepona? Mimi mzima, goti tu ndilo lina kiburi. Anayeniandikia ni jirani, fundi cherehani.

Huku hakukaliki. Kaburi la Kidevu, yule mwimbaji aliyetikisa redio nchi nzima, wamelifungua ili wamlaze mkewe pembeni yake. Kumbe kichwa hakipo! Mifupa mingine yote ipo, kichwa kimeibwa. Na kaburi lilikuwa limezibwa upya kwa saruji, sasa polisi wanawaulizia mafundi ujenzi. Nikakumbuka mwezi uliopita ulilala kwangu, ukaondoka hata chai hukunywa. Ulifuata nini huku?

Bibi yako

12 Machi

Shikamoo Bibi. Pole na goti. Mimi salama kabisa.

Nilikuja kupiga plasta duka moja sokoni, basi. Ya Kidevu waachie wenyewe. Na mambo yangu usimwandikishe jirani.

Mjukuu wako

20 Machi

Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?

Hii naandika mwenyewe, uvumilie mwandiko. Sokoni nimezunguka kote, plasta mpya sikuiona. Nikaenda makaburini. Vipande vya saruji waliyoivunja bado vimelala pale. Juu vimepitishwa kitako cha kijiko, vimechorwa magamba ya samaki. Hivyo ndivyo marehemu babu yako alivyomalizia kazi zake, na hakumfundisha mwingine ila wewe. Mpumbavu mkubwa! Mwizi gani anarembesha kaburi? Kichwa cha watu kiko wapi? Niambie mimi, kabla hujaulizwa na wenye pingu.

Bibi yako

9 Aprili

Shikamoo Bibi. Sina la kusema kuhusu afya, usingizi sina.

Kuna tajiri anakusanya vitu vya watu maarufu. Ndiye aliyenituma. Polisi walipoanza kuuliza, akaacha kupokea simu zangu. Kichwa kiko chini ya kitanda changu, kwenye ndoo ya rangi. Nilipoziba kaburi sikuweza kuacha saruji ina makovu, mkono ulikwenda wenyewe. Nifanyeje Bibi?

Mjukuu wako

15 Aprili

Mjukuu wangu,

Salamu baadaye. Kilete. Tutakwenda wote kwa binti wa Kidevu. Mimi nitatangulia, wakirusha mawe yanipate mimi kwanza. Uje na ukweli na njaa, chakula nitapika.

Bibi yako

2 Mei

Mjukuu wangu,

U mzima huko uliko? Nimefungua mlango nimekuta ndoo. Hukubisha hodi. Kwangu mimi, hodi imekushinda!

Nimeibeba mwenyewe hadi kwa binti wa Kidevu. Amelia, amekifunika kwa kanga yake, kisha akaniuliza ni nani aliyekichukua. Nimekutaja.

Nuna ukitaka. Ningesema sijui, ungezeeka na jambo hili peke yako, na mimi sikukulea uwe peke yako. Binti huyo anataka kukuona uso kwa uso. Polisi watakuwepo, sikufichi. Njoo. Wakikuchukua, nitaulizia njia mpaka nifike hapo watakapokuweka.

Bibi yako, huyohuyo