Penseli ya Teodosio

Jumatatu, 3 Juni
Mwalimu Urquidi katangaza: mtihani wa sheria ya madai Ijumaa, ruhusa kuingia na kitabu. Darasa zima shangwe! Mwalimu kawaonya tu. Ati wanaongoja kufunua kurasa muda utawaishia wakiwa bado wanatafuta. Sharti moja — kitabu kisiwe na mwandiko, hata wa penseli.
Kitabu changu ni cha marehemu mume wangu, Teodosio. Miaka thelathini ya uwakili, kila ukurasa kauandika pembeni.

Jumanne, 4 Juni
Maktaba hakuna nakala hata moja, vijana wamezikomba zote. Yovana, jirani yangu darasani, kanishangaa. Mama Remedios, si ufute tu? Penseli hiyo!
Kwake rahisi. Lakini nikianguka tena somo hili, chuo basi. Mara ya tatu hawakupi.

Jumatano, 5 Juni
Nimefuta tangu asubuhi. “Rejea kesi ya ndugu wa Tarabuco.” Futa. “Hakimu hapendi hoja hii.” Futa. Nasoma kwa sauti kwanza, kisha nafuta. Meza imejaa vumbi la raba, na sina moyo wa kulipangusa.
Supu nimekula peke yangu. Jamani, nyumba hii ilivyo kimya!

Alhamisi, 6 Juni
Nimemaliza. Umebaki mwandiko mmoja, kwenye ukurasa wa mali ya wanandoa: “Hapa Reme angeeleza vizuri kuliko mimi.”
Nilimchapia hoja zake miaka yote ile. Hakuwahi kuniambia hivyo. Hata siku moja!
Siufuti. Mjinga mimi, najua.

Ijumaa, 7 Juni
Nipo kwenye benchi, nje ya ofisi ya Urquidi. Msimamizi aliuona mwandiko ule mlangoni. Kachukua kitabu, kaniruhusu kuingia mikono mitupu — Urquidi ndiye ataamua kama karatasi yangu itasahihishwa.
Ndani ilikuwa kelele za kurasa tu. Yovana anafunua mbele, anafunua nyuma, jasho linamtoka. Mimi niliandika. Nilichokifuta Jumatano kilikuja chenyewe, kwa sauti ya Teo.
Nimenunua salteña, andazi la nyama, imepoa mkononi.
Sasa hivi Urquidi kachungulia, kitabu kwapani. Kauliza, huyu Reme ni nani?
Nikasema, ni mimi, mwalimu.
Karudi ndani na kitabu changu, mlango kaufunga.
Bado nangoja.