Pegi Kumi na Tano

Jumanne, 10 Februari

Wamuyu amekufa. Saa tatu asubuhi, hospitali, Nakuru. Kifua.

Nilikuwa nje nanunua chai. Nikarudi na vikombe viwili. Nesi akasema pole mzee. Nikakunywa zote mbili.

Hii kitabu ni ya kazi. Daktari Natalie, yule wa mambo ya kale pale tunachimba, alipea kila mtu moja. Andika tarehe, umetoa nini, kina gani. Andika kile unaona, alisema, usiandike kile unafikiri. Sina kitabu ingine.

Nimeona: mguu wake wa kushoto ulikuwa nje ya blanketi. Nimefunika.

Jumatano, 11 Februari

Lynn amefika kutoka Naivasha, kule anakata maua. Msichana wetu, mmoja tu. Macho imefura. Ameuliza tunazika lini. Nikasema Alhamisi ijayo, hapa nyumbani. Mama yake alitaka hivyo — juu ya shamba ya viazi, pale nyumba ya baba yake ilikuwa.

Jioni Kipketer akakuja. Ni mtoto wa baba mkubwa, amenizidi miaka tisa. Ndiye mzee wa watu wetu hapa Kwa Kibiriti. Shamba ilikuwa ya mzungu wa nywele nyekundu, mzungu akaenda, jina ikabaki. Kipketer alileta sukari kilo mbili. Akaongea mambo ya jua. Akaongea bei ya viazi huko Mau Narok. Halafu akasema pole pole, tumpeleke Wamuyu makaburi ya Nakuru, pale baba yake alizikwa. Hii nusu eka bado iko na jina ya huyo baba. Mkikuyu akilala hapa juu, shamba ni yao milele. Akilala Nakuru, ni yako. Yaani ni yetu sisi Kipsigis.

Nikamwambia ni bibi yangu.

Akasema anajua. Akasema mwaka ujao ni kura. Kura ikikaribia watu huku huhesabu makaburi.

Sukari iko mezani. Sijafungua.

Alhamisi, 12 Februari

Nimeenda kwa shimo kuomba ruhusa. Ni hapo tu, ng'ambo ya ua. Daktari amenipa mpaka Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Ni mtu wa Nairobi, anaongea haraka, lakini leo hakuwa na haraka.

Yule mama wa mifupa bado yuko. Mimi ndiye nilimwona kwanza, mwezi wa kwanza, na mwiko ya kuchimbia. Amelala upande, magoti imekunjwa, bakuli ya mawe karibu na kichwa. Miaka elfu tatu, Daktari anasema. Mifupa ya mkono ni kama vijiti vya kuwasha moto.

Kipketer alikuwa hapo na wazee wawili. Walikuja kumwona. Aliuliza swali moja tu, ni kabila gani. Daktari akasema hakuna kabila tunajua. Kipketer akasema, "Mtu hana kabila, huyo ni mtu gani?" Wazee wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi Daktari akaonyesha ukuta wa shimo na kidole, kutoka chini kwenda juu. Nimesikia mara mingi lakini leo niliskiza. Ati kule juu kabisa ya Afrika, pale sasa ni mchanga, zamani kulikuwa nyasi na maziwa. Watu na ng'ombe wao. Mvua ikakataa. Wakashuka, wazazi na watoto, miaka mia kwa mia, mpaka wengine wakafika hii kilima. Huyu mama ni wa hao. Hapa walipata wawindaji. Halafu wakakuja watu wa kufua chuma. Halafu wengine wa ng'ombe, na wengine. Halafu Maasai. Halafu mzungu na karatasi, Maasai wakaweka kidole, wakahamishwa. Halafu sisi na kina Wamuyu, kwanza kulimia mzungu, halafu kununua kwa kampuni ya shamba.

Kila mtu alifika akapata mtu. Kila mtu akasema kulikuwa tupu.

Nakhumicha, yule mama wa kuchekecha udongo, akauliza, "Kwa hivyo hata huyu dada alikuwa mgeni? Na kitambulisho yake iko wapi?" Hapo hata Kipketer alitabasamu.

Halafu Daktari akagusa ile mstari mweusi, karibu kabisa na nyasi. Akauliza, na hii jivu? Hii si ya zamani. Ni moto gani?

Wazee waliangalia viatu. Nakhumicha aliniangalia mimi.

Hiyo jivu niliiandika Disemba. Jivu, sentimita kumi na mbili. Kufuli moja. Sufuria moja imekunjika. Sikuandika nyumba ya nani.

Jumamosi, 14 Februari

Mkutano wa matanga. Viti mingi, watu kidogo. Watu wa Wamuyu walikaa upande wa tangi. Watu wetu walikaa upande wa mti. Lynn alizunguka na chai, hakukaa mahali. Alisimama tu katikati na birika.

Tuliuliza nani atachimba kaburi. Mume hachimbi, hiyo inajulikana. Vijana wetu walikuwa kumi na moja. Mmoja mgongo. Mmoja ana safari. Wengine walimwangalia Kipketer, naye alikuwa anaangalia mlima. Na wale vijana wa upande wa tangi walisema wao wangechimba, lakini si hapa juu. Hapa juu wanaogopa. Walisema hivyo wazi.

Jumatano, 18 Februari

Wamekuja kuchimba watu wa shimo! Nakhumicha na wanaume watatu. Nakhumicha amesema yeye hajaolewa na kilima ya mtu, atachimba. Walileta mwiko, kamba, na pegi kumi na tano za kazi — zile vijiti nyeupe za kupima, kichwa nyekundu.

Walichimba vile wamefundishwa. Hawajui kuchimba ingine. Walipima kona nne. Kuta zimesimama wima kama ukuta ya nyumba, chini imepigwa brashi. Brashi! Nakhumicha alisema hakuna bibi ya mtu amewahi kupata shimo safi hivi. Lynn alicheka kidogo, mara ya kwanza.

Halafu wakavuta kamba kutoka geti mpaka kaburi, pande mbili, na pegi, ndio watu wasikanyage viazi kesho.

Sikufikiria kitu. Nilikuwa nimekaa.

Nilipoinua macho watu walikuwa kwa ua. Kama ishirini. Watu wetu. Walikuwa wanaangalia pegi. Ndio nikaona vile wao wanaona. Kamba mbili zimenyooka kutoka barabara. Pegi nyeupe na namba. Huku pegi ikipigwa ni sorveya, mpimaji wa mashamba. Na sorveya akikuja, kuna mtu anatolewa.

Nikaenda kwa ua nikasema ni ya viazi, watu wasikanyage. Mzee mmoja akaniambia, "Micah, viazi haina namba."

Namba ni zangu. Mimi ndiye huandika namba kwa pegi zote za kazi. Daktari alisema mkono yangu inasomeka. A1 mpaka C5. Nne yangu huwa haifungi juu.

Alhamisi, 19 Februari

Asubuhi pegi hakuna. Zote. Kamba imekatwa vipande, imewekwa vizuri kwa mlango yangu kama kuni.

Tumemzika. Pasta alikuwa mfupi. Watu wa tangi walikuja wachache, wakasimama karibu na geti. Kipketer alikuja na koti. Akatupa udongo. Akanishika bega, akasema kwa sikio, sasa umepanda.

Ni hiyo tu.

Ijumaa, 20 Februari

Lynn amerudi kazini. Amenipikia ugali ya siku mbili. Kwa geti ameuliza, baba, kukiwa na shida mimi nitakimbilia upande gani? Nikamwambia hakutakuwa na shida.

Nimeandika kile nilisema.

Jumamosi, 21 Februari

Nimeona pegi.

Nilishuka kutafuta mbegu. Nilipita barabara ya chini, siku hizi huwa sipiti. Ni ndefu na matope. Huko ndiko watu wa Wamuyu wamebaki, nyumba kumi na nne, zote upande mmoja.

Pegi ya kwanza ilikuwa kwa geti ya fundi wa baiskeli. A1. Nikafikiri mtoto ameokota. Geti ya pili, A2. Ya tatu. Zimepigwa vizuri, zimenyooka, kila moja hatua moja kutoka mlango. Nilitembea polepole. Nilikuwa nasoma mkono yangu. Nyumba kwa nyumba, mkono yangu. B4, nne haijafunga juu.

Nyumba ya mwisho ni ya Mama Shiru. Mjane, ameishi hapa tangu kabla nizaliwe. Pegi yake ni C4. Alikuwa amefagia kuizunguka. Amemwaga maji vumbi isiruke. Alifurahi kuniona. Akaniambia pole ya mama Lynn, hakuweza kupanda mlima, magoti. Halafu akauliza, kwa sababu mimi ni mtu wa hizo kazi, maji inaletwa lini? Ameonyesha majirani. Bomba itapita hapa hapa, karibu na jikoni.

Nilisimama.

Nikasema, sio maji.

Akauliza ni nini basi. Nikasema sijaona nani aliweka. Hiyo ni kweli. Akaangalia pegi, akaangalia barabara, geti moja moja mpaka juu. Akahesabu na mdomo. Akaweka ufagio chini.

Lazima niandike hii. Hakuna mahali ingine.

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa na miaka kumi na tisa. Kabla ya moto, ule wa kura, wa nyumba za kina Wamuyu, walinipa matawi. Kipketer ndiye alinipa, mzigo mzima. Zunguka, funga tawi kwa mlango ya kila mtu wetu, ndio moto ujue nyumba ya kuruka. Nilizunguka kutoka mchana mpaka jua ikashuka. Nilifunga vizuri. Hakuna nyumba yetu hata moja nilisahau. Nilipita kwa baba yake Wamuyu. Wamuyu alikuwa nje anaosha sufuria. Akanisalimia. Nilikuwa na matawi kama tano imebaki mkononi. Sikufunga. Ningefunga tu. Nani angejua?

Hiyo jivu ya shimo ni ya hapo, ua ilikuja baadaye.

Mzee wake alikufa Nakuru, nyumba ya kukodi mtaa ya Section 58. Mimi nilimwoa Wamuyu mwaka wa tisini na tano, tukarudi kwa hii nusu eka. Miaka thelathini na moja. Sikumwambia. Kila mwaka nilisema nitamwambia tukivuna.

Leo Mama Shiru akaniambia nikae. Nikakaa kwa jiwe yake. Akasema, bila hasira, kama mtu anasoma:

"Baba Lynn, mimi nilikuona na yale matawi."

Nikaangalia pegi yake.

"Nilimwambia Wamuyu kabla muoane. Ndio asiolewe na upofu. Akaniambia, najua, mama. Nilikuwa naosha sufuria, nikamwona anahesabu."

Alijua. Miaka thelathini na moja alijua. Alikuwa ananipea chai, anajua. Alikuwa ananikata nywele, ameshika wembe, anajua.

Nilimuuliza Mama Shiru, kwa nini alikubali mimi basi? Akasema hiyo hakumwambia. Akasema labda alikuwa anangoja nifunge.

Halafu akaingia ndani kupanga nguo kwa gunia. Alifanya kama mtu anajua nguo gani inaanza.

Nilitaka kung'oa pegi. Nikaona, niking'oa mchana, yule aliweka ataweka kitu ingine sitaona. Nimepanda nyumbani bila mbegu.

Nimehesabu. Nyumba kumi na nne, pegi kumi na nne. Ya kumi na tano nimeipata jioni. C5. Iko kwa kaburi, upande wa kichwa. Imepigwa ndani sana.

Jumapili, 22 Februari

Sikuenda kanisa. Kipketer alitoka kanisani akakuja moja kwa moja, na suti. Amekuja na tawi. Kubwa, bado ina maziwa pale ilikatwa.

Alikaa kiti ya Wamuyu. Akaona sukari haijafunguliwa. Aliongea vizuri. Akasema hakuna mtu anataka mabaya. Pegi ni ya kuonya tu, watu wapange mambo yao na mapema, waende na amani, kabla ya kura. Akasema hata wao wakifika walitupata, si ndio? Nikamwambia Daktari anasema sisi sote tulipata mtu. Akasema Daktari ataenda na mifupa yake, sisi tutabaki.

Nikamuuliza nani aliweka pegi. Akasema, "Ndugu yangu, si ni mkono yako?"

Akasimama. Akaweka tawi mezani. Akaniambia nimekosa kwa kaburi lakini mimi ni damu, wamenisamehe. Nifunge kwa mlango. Si lazima leo. Wiki hii.

Akasema, unajua kufunga.

Ameenda. Nimekaa na hiyo tawi tangu saa saba. Maziwa imekauka mezani. Imeacha alama, haitoki.

Daktari amepiga simu. Kesho wanamtoa yule mama, mfupa mmoja mmoja, anataka mimi ndiye nishike kichwa. Pia ameuliza pegi za kazi ziko wapi. Nimemwambia ziko. Nimemwambia nitakuja nazo, nichelewe kidogo.

Nimepiga simu kwa Mama Shiru. Haishiki.

Nimechukua panga. Tawi nimekata. Vipande kumi na nne, kila moja na majani yake. Nimepima zitoshane. Kamba ile walikata imekuwa na kazi — imetosha, kipande kwa kipande. Kwa mlango yangu hakujabaki kitu ya kufunga.

Zote ziko kwa gunia, hapa karibu na jembe. Nitapita barabara ya chini, mlango kwa mlango. Nitaamka na mapema, jua ikitoka watu wanione vizuri.

Kesho narudi kazini.