Mama, Nimeloweka Plasta ya Amani

Mama,

Sasa hivi mjukuu wako amepiga teke ndani ya beseni, maji yakanirukia mpaka kifuani, na akacheka kile kicheko chake cha kukwamakwama kama jogoo anayejifunza kuwika. Nimemfuta uso, akapiga tena. Nikacheka na mimi. Halafu nikalia kidogo, maana kicheko hicho wewe hujakisikia. Ulipoondoka alikuwa anatabasamu tu.

Niko chumbani, mlango nimeurudishia. Mama mkwe yuko jikoni anapika chai ya wageni. Ngoja nikueleze kwa nini naogesha mguu mmoja asubuhi yote hii.

Unakumbuka alipozaliwa? Nesi alimfunika haraka, wewe ukafunua. Ukaukuta mguu umegeukia ndani, unyayo unatazama juu kama kiganja cha mtu anayeomba chumvi. Mimi niligeukia ukutani. Wewe ukaushika, ukasema, "Watu wanasema samaki mkunje angali mbichi. Waitu, mwanangu, huyu sisi tutamkunjua angali mbichi." Nilicheka na nyuzi zinaniuma.

Ulishapanga kila kitu. Tuje kwako Buhembe, tulale kile kitanda cha dirishani, kila wiki tumpeleke hospitali pale Bukoba mjini afungwe plasta. Halafu kifua chako, Mama. Halafu ile simu. Nikarudi hapa Kishanda kutoka msibani na mtoto mgongoni na mguu wake vilevile.

Sasa wiki iliyopita wakaja wageni kwenye zahanati ya kanisa. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi kutoka ng'ambo, vijana wa rika langu, wametoa likizo yao kumtumikia Yesu. Mmoja anaitwa Rebeka. Ndiye aliyemfunga Amani plasta, mwalimu wao amesimama nyuma anamwelekeza. Taratibu, Mama, kama wewe ulivyokuwa unafunga ndizi kwenye majani mvuke usitoke. Nesi wetu akatafsiri: hii ni ya kwanza tu, inabadilishwa kila wiki mpaka mguu unyooke, na kwa kuwa wao wanaondoka, zinazofuata ni Bukoba. Siku ya kubadilisha niiloweke kwenye maji ya vuguvugu ilainike. Wakamaliza, wakaweka mikono juu ya ule mguu, wakaomba kwa lugha yao. Rebeka alitoa machozi. Nilifurahi. Usidhani sikufurahi.

Lakini watu waliokuwa kwenye foleni waliona yale maombi. Hawakusikia ya nesi.

Jumapili mwinjilisti akatuita mbele. Mama mkwe akamwinua Amani juu na plasta yake, akasema, "Bwana asifiwe! Mguu huu ulipinda, watumishi wa Mungu wameugusa, umenyooka!" Kwaya ikapiga vigelegele. Rebeka naye akapiga makofi, maskini, hajui tunashangilia nini. Wote wakanitazama mimi. Nikasema amina.

Tangu hapo, Mama, nimefungwa plasta mimi. Nikisema Bukoba, mama mkwe anauliza, "Kutafuta nini tena? Wameshaomba. Unataka kumjaribu Mungu?" Baba Amani yuko visiwani kwenye dagaa, nikimpigia anasema, "Msikilize mama." Jirani akipita anaimba wimbo wa ushuhuda. Nikienda hospitali nimemfanya bibi yake mwongo mbele ya kanisa zima. Nisipoenda, plasta itambana, na mguu utakauka umepinda hivyo hivyo. Nikitoka nje naona migomba imesogea mpaka mlangoni. Zamani sikuiona hivyo.

Na mama mkwe si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningeshaondoka. Usiku wa msiba wako alinifunika kanga yake, akakaa na baridi. Ananipenda, Mama, ndiyo shida yenyewe. Kila asubuhi napiga magoti kumsalimia kama ulivyonifundisha, nikiwa chini najiambia leo namwambia. Ananijibu vizuri, ananishika kichwa. Nainuka sijasema.

Jana nilikaa nikawaza wewe ungefanya nini. Nikakuona unatia maji sufuriani. Wewe hukuwa mtu wa kubishana. Ulikuwa unabandika chungu kwanza, maneno yanakuta maji yamechemka.

Basi leo wageni wanaondoka. Wanapita hapa kutuaga, halafu gari lao linashuka Bukoba. Asubuhi nimechemsha maji, nikayapoza, nikayapima kwa kiwiko changu, nikamtia Amani. Plasta imeanza kuachia. Hapa kwenye vidole imeshakuwa kama uji. Haiwezi kurudi ngumu tena, na mtoto hawezi kubaki na matambara haya. Nikimtoa hivi kila mtu ataona mguu bado, na Rebeka ataona imefika siku yake. Nitawaomba watupandishe garini. Mama mdogo Adela, aliyebaki kwako Buhembe, anasema kitanda cha dirishani hajakiondoa.

Naogopa sana. Lakini tazama, kidole gumba kimetoka, cheupe, kimekunjamana, anakichezesha! Mama, nadhani kimesogea nje kidogo. Labda ni mimi ninavyotaka. Hapana, kimesogea.

Lala salama, Mama yangu. Nakuahidi hivi: mjukuu wako atakuja kaburini kwako kwa miguu yake, nyayo zote mbili chini, na mimi nyuma yake sijambeba. Utazisikia hatua zake.

Gari hilo limeingia. Mama mkwe ananiita, "Mama Amani! Wageni hawa! Mlete mtoto wetu wa ushuhuda!" Sauti ina furaha, Mama, inaniuma. Namfunika Amani na kanga ile ile aliyonifunika mimi. Nitatoka, nitapiga magoti mbele yake kama kila siku, ila safari hii sitainuka kabla ya kumwambia.