Herufi Nene Mlangoni kwa Mjomba

Mwenzangu, nimeaibika, sina pa kuuweka uso.

Unazijua zile herufi zangu nene za mviringo, nilizozichora miezi minne? Mjomba, daktari wa meno, alizitumia kwenye bango la kliniki yake. Leo kafungua.

Watoto sita wasiojua kusoma wakaziona herufi zile, wakaingia wakiulizia aiskrimu. Aiskrimu! Kwa daktari wa meno!

Mjomba akanigeukia mbele ya watu: “Wewe msomi, nimekuomba herufi zenye heshima, umeniletea maputo? Bango lishuke leo hii!”

Nikamweleza kwa adabu kwamba mviringo ule huondoa hofu. Akaguna tu.

Papo hapo mtoto mmoja akajipandia kwenye kiti cha wagonjwa, akaachama akisubiri kijiko. Mjomba akachungulia. Meno matatu yametoboka!

Akavaa glavu taratibu, akaninong’oneza: “Bango libaki.”