Nani Kafunga Lango la Juu

Jumatano, 28 Mei
Wiki ya tatu bila mvua. Nimekata vichaka vya miiba hapa hifadhini tangu asubuhi, mgongo si wangu tena. Ila okidi, lile ua letu adimu, imetoa shina. Moja tu, lakini imetoa! Miaka kumi na moja hatujaiona kwenye mteremko huu wa mawe ya chaki. Matumba tisa. Nimemwonyesha Ron peke yake, mzee wetu wa kujitolea. Siku yake ni Alhamisi, lakini tangu mkewe Beryl afariki anakuja hata siku asizotakiwa. Akapiga magoti kuitazama. Kumnyanyua ikawa kazi. Akasema Beryl angelia. Akalia yeye.

Jumapili, 1 Juni
Watembezi na mbwa wao. Mmoja kaniambia mbwa wake hajui kusoma bango. Nikamwambia basi msomee wewe. Matumba mawili yamefunguka. Ron kaniuliza nani atahesabu vipepeo mwezi huu. Baada ya chai akaniuliza tena vilevile. Nikamjibu tena vilevile.

Jumanne, 3 Juni
Nimechoka hata kuandika.
Asubuhi kondoo sita wa Clive, mfugaji jirani, walivunja uzio wakaingia mteremkoni. Kondoo tunawaleta Septemba wale nyasi, maua yakishapukutika. Juni ni balaa. Clive akasema kwenye simu nisiwafukuze, watakanyaga kila kitu. Niache lango la juu wazi, kiu ikiwashika watarudi wenyewe kwake kunywa maji. Nikaziba pengo la uzio wengine wasiingie, lango nikaliacha wazi, nikalifunga kamba kwenye nguzo lisijifunge. Nikaenda mkutanoni mjini. Saa tatu nzima tunajadili rangi ya mabango.
Niliporudi, lango limefungwa. Kamba imekunjwa vizuri, imetundikwa. Kondoo wote sita wamelala mteremkoni, wameshiba. Okidi imebaki kijiti cha urefu wa kucha. Nikakaa chini palepale. Kulia sikuweza.

Jumatano, 4 Juni
Daftari la kibandani, ambamo kila anayekuja kazini huandika, tarehe ya jana, mwandiko wa Ron: "Nimekuta lango la juu wazi. Nimelifunga. Watu hawana adabu."
Miaka ishirini anawafokea watu kuhusu malango. Angeliachaje? Hata mimi ningelifunga. Na sikuacha hata kikaratasi. Nijilaumu mwenyewe.

Alhamisi, 5 Juni
Ron kaja na kamera ya Beryl, kavaa na tai. Nikamwambia: Ron, imeliwa. Kondoo waliingia, lango lilikuwa limefungwa, wakakosa pa kutokea. Nikangoja akumbuke. Uso ukamwiva.
"Mpumbavu gani kafunga?"
Nikasema sijui.
"Bosi, wewe unamficha mtu. Nakujua, moyo wako ni siagi."
Hakumbuki. Si kwamba anajifanya, hakumbuki kabisa. Hilo limenitisha kuliko okidi. Na Jumamosi binti yake atakuja kuniuliza kama baba bado anaweza kazi hii. Nikisema hapana, atamchukua akakae naye mjini Leeds, na huko hana mtu mwingine wala kilima.
Kaomba ubao na rangi, kaandika: ALIYEFUNGA LANGO HILI JUMANNE AJITOKEZE. Kaenda kuupigilia. Huku nasikia nyundo.
Nyundo imenyamaza. Anarudi. Sasa ananawa mikono nje, anasema tupitie daftari tuone nani alikuwepo siku hiyo.
"Bosi, daftari liko wapi?"
Nimelikalia.