Masale ya Mpakani

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Matombo babu yako bado anakohoa, ila anakula.

Unauliza kwa nini masale uliyoyapanda kwenye ndoo huko Dodoma yananyauka. Yanataka kivuli na unyevu; yanyunyizie majani yake maji kila asubuhi.

Nilipokuwa msichana niliyang'oa masale yaliyokuwa alama ya mpaka wa shamba la mama, nikayapanda kwenye makopo barazani, eti urembo. Kwa ukungu wa huku yalistawi mno. Jirani naye akalima mpaka ndani ya migomba yetu. Tulipomshtaki, wazee wakamuuliza mama, "Masale yako yako wapi?"

Migomba ikaenda kwa jirani. Mama hakunigombeza, na makopo yangu aliendelea kuyamwagilia yeye. Afadhali angenichapa.

Bibi yako