Kura za Kuosha Vyombo

Baba na wanangu,

Chakula kipo jikoni, kimefunikwa. Mimi nimewahi darasani. Vyombo sijavigusa.

Asubuhi nilifungua kura zote za mchezo wenu wa kopo, ule wa kuchagua karatasi moja, na anayetajwa ndiye anayeosha vyombo. Kura saba, zote zimeandikwa “Mama”. Mwezi mzima mnanisomea huku mnacheka: “Pole, Mama, ni bahati tu.” Mlisahau kwamba nami najifunza kusoma.

Nimesali kwanza. ~~Nimewasamehe.~~ Nitawasamehe Jumapili.

Mchezo ni mzuri, uendelee. Nimeandika kura mpya, na kuosha choo nako nimekuongeza. Baba, anza wewe kuchagua. Jina langu msilitafute, halimo. Mwalimu anasema mwandiko wangu sasa unasomeka, kwa hiyo mtu asisingizie macho.

Mama yenu